Utafutaji wa hitilafu kwa kugawa nusu

Utafutaji wa hitilafu kwa kugawa nusu ni njia ya kutambua badiliko lililoharibu programu ya kompyuta kwa kuigawa historia ya programu hiyo katikati tena na tena. Kila mara nusu moja huachwa na nusu yenye kosa hubaki, mpaka libaki badiliko moja tu. Katika Git, ambao ndio mfumo wa kudhibiti matoleo unaotumika zaidi duniani, kazi hii hufanywa kwa amri ya `git bisect`. Mifumo mingine, kama Mercurial, nayo ina amri ya aina hiyo.

Umuhimu wake unatokana na hesabu. Programu iliyobadilishwa mara 1,000 tangu ilipokuwa salama huhitaji majaribio 10 tu ili kulijua badiliko lenye kosa. Ikiwa imebadilishwa mara 1,000,000, majaribio 20 yanatosha.

## Usuli: mfumo wa kudhibiti matoleo

Programu ya kompyuta huandikwa kwa maandishi yaitwayo msimbo. Msimbo huo hubadilishwa kila siku: mtu huongeza kipengele, mwingine hurekebisha hesabu, mwingine hubadili maneno yanayoonekana kwenye skrini. Mfumo wa kudhibiti matoleo hutunza kumbukumbu ya kila badiliko: nani alilifanya, lini, mistari gani iliguswa, na kwa sababu gani. Kila badiliko lililohifadhiwa, ambalo watengenezaji wa programu huliita komiti, hupewa namba yake ya utambulisho. Mtu anaweza kuirudisha programu katika hali iliyokuwa nayo siku yoyote ya nyuma, kama anavyofungua daftari la kumbukumbu la kijiji kwenye ukurasa wa mwaka fulani.

Kuna aina ya hitilafu inayowasumbua watengenezaji kuliko nyingine: jambo lililokuwa likifanya kazi vizuri linaharibika bila mtu kukusudia. Mtumiaji husema, "Mwezi uliopita ilikuwa sawa, leo haiko sawa." Kati ya mwezi uliopita na leo pengine yamefanyika mabadiliko mia mbili na watu kumi. Kusoma msimbo wote kwa macho huchukua siku nyingi, na mara nyingi kosa limejificha mahali ambapo hakuna anayelidhania. Njia ya kugawa nusu haimtaki mtafutaji aelewe msimbo wote. Inamtaka ajibu swali moja tu kwa kila toleo analoonyeshwa: je, hili ni salama au ni bovu?

## Wazo la kugawa nusu

Wazo lenyewe ni la kawaida. Mwanafunzi anayetafuta neno "ngalawa" katika kamusi haanzi na herufi A. Hufungua katikati, akaona yuko kwenye K, akajua neno lake liko mbele, akaiacha nusu ya kwanza yote. Kisha hugawa nusu iliyobaki. Mafundi wa umeme hufanya vivyo hivyo laini ndefu inapopata hitilafu: hufungua swichi iliyo katikati ya laini, wakajua kosa liko upande upi, kisha wakaendelea na upande huo pekee.

Katika elimu ya kompyuta, njia hii ya kutafuta ndani ya orodha iliyopangwa ilielezwa na John Mauchly mwaka 1946, zama za kompyuta za kwanza za kielektroniki. Ingawa wazo ni jepesi, kuliandika bila kosa si rahisi. Mwaka 2006 Joshua Bloch alieleza kwamba msimbo wa utafutaji wa namna hii uliokuwa katika maktaba ya lugha ya Java, na ambao yeye mwenyewe aliuandika, ulikuwa na kosa lililokaa kwa takriban miaka tisa. Kosa hilo lilijitokeza tu orodha ilipokuwa kubwa mno, kwa sababu kujumlisha mwanzo na mwisho ili kupata katikati kulizidi uwezo wa namba inayotunzwa na kompyuta.

Idadi ya majaribio hufuata logi ya kizio 2, mada ambayo wanafunzi wa sekondari hukutana nayo katika hisabati. Kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 10 ni 1,024, mabadiliko 1,000 huisha kwa majaribio yasiyozidi 10.

| Idadi ya mabadiliko | Majaribio yakifanywa moja baada ya jingine (mengi kabisa) | Majaribio kwa kugawa nusu (mengi kabisa) |
|---|---|---|
| 16 | 16 | 4 |
| 100 | 100 | 7 |
| 1,000 | 1,000 | 10 |
| 10,000 | 10,000 | 14 |
| 100,000 | 100,000 | 17 |
| 1,000,000 | 1,000,000 | 20 |

Kama kila jaribio linachukua dakika 15, kupitia mabadiliko 1,000 moja baada ya jingine kunaweza kuchukua saa 250. Kwa kugawa nusu, kazi hiyo huisha kwa saa mbili na nusu.

## Mfano: jedwali la maji kupwa na kujaa

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini mazingira yake ni ya kweli. Katika pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na maingilio ya mto Ruvuma, bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili karibu kila siku. Kati ya kujaa na kupwa hupita takriban saa sita na dakika 12. Wavuvi, wanaokusanya pweza kwenye miamba wakati wa bamvua, na wanaovuka mdomo wa mto wenye mafungu ya mchanga hupanga safari zao kwa kufuata maji.

Chukulia kuna programu ya simu inayoonyesha nyakati za maji. Ilipotolewa mara ya kwanza ilikuwa sahihi. Baada ya mabadiliko 16, mtumiaji anasema kwamba programu imemwambia maji yatajaa saa 10:10 kwa mtindo wa saa 24, yaani saa nne na dakika kumi asubuhi, lakini alipofika pwani alikuta mwamba uko nje, maji yamekupwa. Jedwali lililochapishwa linaonyesha kuwa siku hiyo maji yalijaa saa 16:10. Kosa ni la saa sita kamili. Kwa bahari ya namna hii, kosa la saa sita hugeuza kupwa kuwa kujaa, na mtu aliyeiamini programu anaweza kukwama juu ya fungu la mchanga au kukutwa na maji akiwa mbali na nchi kavu.

Mtengenezaji anajua mambo mawili: toleo la mwanzo (0) lilikuwa salama, na toleo la 16 ni bovu. Utafutaji unakwenda hivi:

1. Katikati ya 0 na 16 ni 8. Toleo la 8 linajaribiwa: linasema 16:10. Ni salama. Kosa liko kati ya 9 na 16.
2. Toleo la 12 linajaribiwa: linasema 10:10. Ni bovu. Kosa liko kati ya 9 na 12.
3. Toleo la 10 linajaribiwa: ni salama. Yamebaki 11 na 12.
4. Toleo la 11 linajaribiwa: ni bovu. Badiliko la 11 ndilo la kwanza kuwa bovu.

Majaribio manne yametosha. Mtengenezaji anapolifungua badiliko la 11 anakuta maelezo yake yanasema: "Kuongeza saa za Kiswahili." Mwandishi wa badiliko hilo alikuwa na nia njema. Alitaka mtumiaji aweze kusoma "saa kumi na dakika kumi jioni" badala ya 16:10. Lakini aliziondoa saa sita ndani ya hesabu yenyewe, badala ya kuziondoa wakati wa kuonyesha tu. Kwa hiyo anayesoma kwa saa 24 naye alionyeshwa wakati uliosogezwa. Mistari iliyobadilishwa ni mitatu, na marekebisho yake ni ya dakika chache. Kazi kubwa ilikuwa kujua pa kutazama.

## Amri ya git bisect

Git ulianzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya kutunza msimbo wa Linux, baada ya kampuni ya mfumo wa BitKeeper kusitisha ruhusa ya matumizi ya bure. Uwezo wa kutafuta sehemu ya katikati ya historia uliongezwa na Torvalds mwezi Juni mwaka huohuo, na amri ya `git bisect` ikafuata mwishoni mwa Julai 2005. Hivyo kifaa hiki kina umri karibu sawa na Git wenyewe. Tangu Julai 2005 msimamizi wa Git ni Junio Hamano.

Wazo la kutumia historia ya msimbo kwa namna hii lilikuwepo kabla ya Git. Mwaka 1997 Brian Ness na Viet Ngo wa kampuni ya Cray Research walieleza namna walivyotenga mabadiliko yenye makosa kwa kuyajaribu kwa utaratibu. Mwaka 1999 Andreas Zeller alichapisha makala kuhusu njia ya kupunguza kundi la mabadiliko hadi kubaki yale machache yanayosababisha kosa, hata kosa linapotokana na mabadiliko mawili yanayogongana.

Matumizi ya msingi ya amri hii ni haya:

- `git bisect start` huanzisha utafutaji.
- `git bisect bad` huliambia Git kwamba toleo lililo mbele ya mtumiaji ni bovu.
- `git bisect good` ikifuatwa na namba ya toleo la zamani hutaja toleo linalojulikana kuwa salama.
- Git huchagua toleo la katikati na kuliweka tayari. Mtumiaji hulijaribu, kisha hujibu `good` au `bad`. Hatua hii hurudiwa.
- Mwishoni Git hutaja badiliko la kwanza lenye kosa pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe na maelezo yake.
- `git bisect reset` hurudisha programu katika hali iliyokuwa nayo kabla ya utafutaji.

### Historia yenye matawi

Katika programu halisi historia si mstari mmoja ulionyooka. Watu hufanya kazi kwenye matawi tofauti, kisha matawi huunganishwa. Katika hali hiyo "katikati" haionekani kwa urahisi. Git kwanza huweka kando mabadiliko yote yanayojulikana kuwa salama, yakabaki yanayoshukiwa. Kisha kwa kila badiliko linaloshukiwa huhesabu ni mangapi yaliyolitangulia, likiwemo lenyewe. Tuseme yanayoshukiwa ni 20 na badiliko fulani lina hesabu ya 7. Likionekana bovu yatabaki 7, likionekana salama yatabaki 13. Git hulipa badiliko hilo thamani ndogo kati ya namba hizo mbili, yaani 7, kisha huchagua badiliko lenye thamani kubwa kuliko yote. Kwa njia hii, jibu lolote litakalotolewa, sehemu kubwa iwezekanavyo ya washukiwa itaondolewa.

## Maboresho yaliyofanywa

Amri ya mwaka 2005 ilifanya kazi, lakini ilimchosha mtumiaji. Maboresho ya miaka iliyofuata yametokana na shida zilizoonekana kazini.

### Utafutaji unaojiendesha

Mwaka 2007 Christian Couder aliongeza `git bisect run`. Badala ya mtu kujibu kila mara, huandika programu ndogo ya majaribio, na Git huiendesha yenyewe kwa kila toleo. Programu ndogo hujibu kwa namba: 0 maana yake toleo ni salama, 125 maana yake toleo haliwezi kupimwa, na namba nyingine kuanzia 1 hadi 127 maana yake ni bovu. Namba ya 128 na kuendelea husimamisha utafutaji.

Kwa mfano, chukulia programu ya kubuni inayokokotoa malipo ya wakulima wa korosho. Katika mkoa wa Mtwara korosho huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika na mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa zao hilo katika msimu wa 2007/2008. Mkulima wa mfano ameleta kilo 350, bei ni shilingi 2,000 kwa kilo, na makato ni shilingi 150 kwa kilo. Malipo sahihi ni 350 × 1,850, yaani shilingi 647,500. Programu inatoa shilingi 595,000. Pungufu ni shilingi 52,500, ambazo ni sawasawa na makato yaliyokatwa mara mbili. Mtengenezaji huandika jaribio la mistari michache: weka kilo 350, bei na makato hayo, na kama jibu si 647,500 rudisha 1. Baada ya hapo huandika `git bisect run` na jina la jaribio lake, akaenda kunywa chai. Akirudi atakuta badiliko lenye kosa limetajwa. Jaribio lenyewe halitupwi. Huhifadhiwa pamoja na programu ili kosa hilo lisirudi tena bila kuonekana.

### Matoleo yasiyopimika

Mara nyingine toleo la katikati haliwezi hata kuwashwa kwa sababu ya kosa jingine lisilohusika. Amri ya `git bisect skip`, iliyotoka na Git 1.5.4 mwaka 2008, humruhusu mtumiaji kuliruka. Ilionekana baadaye kwamba toleo lisilopimika mara nyingi limezungukwa na mengine ya aina hiyo, hivyo kujaribu jirani yake ni kupoteza muda. Mwaka 2009 Git uliboreshwa ili baada ya kuruka uchague toleo lililo mbali kidogo, kwa kutumia namba za kubahatisha. Hata hivyo, kuruka kuna gharama. Yakirukwa mabadiliko yaliyo jirani na lile lenye kosa, Git hutaja kundi la washukiwa badala ya mmoja.

### Maneno ya mtumiaji mwenyewe

Si kila kinachotafutwa ni kosa. Pengine mtu anataka kujua ni lini kosa *lilirekebishwa*, au programu ilianza kuwa nyepesi lini. Kuita hali mpya "bad" wakati ni nzuri kuliwachanganya wengi wakajibu kinyume. Tangu Git 2.7 ya Januari 2016, mtumiaji anaweza kutumia `old` na `new`, yaani ya zamani na mpya, au kuchagua maneno yake. Kwa hiyo inawezekana kuanza kwa:

`git bisect start --term-old=salama --term-new=mbovu`

Baada ya hapo amri huwa `git bisect salama` na `git bisect mbovu`. Kwa mwalimu anayefundisha darasa la Kiswahili, hii huondoa kikwazo kimoja kidogo.

### Kufuata shina peke yake

Tangu Git 2.29 ya Oktoba 2020 kuna chaguo la `--first-parent`. Git hupita kwenye shina la historia tu na kuliona kila tawi lililounganishwa kama badiliko moja. Hufaa pale ambapo kazi zilizo ndani ya matawi hazikukamilika na haziwezi kupimwa.

### Kuandikwa upya

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya `git bisect` ilikuwa skripti ya amri za Unix. Kuanzia mwaka 2016 ilihamishwa kidogokidogo kwenda lugha ya C, kwa sehemu kubwa na vijana waliojifunza kupitia programu za Google Summer of Code na Outreachy, ambazo huwalipa wanaoanza kushiriki katika programu huria. Kazi hiyo ilikamilika kwa toleo la Git 2.40 mwezi Machi 2023.

## Mipaka ya njia hii

Hali lazima ibadilike mara moja. Njia inachukulia kwamba kulikuwa na kipindi cha usalama, kisha ubovu ukaanza na kuendelea. Kama kosa liliingia, likarekebishwa, kisha likaingia tena, Git itataja mojawapo ya nyakati za mabadiliko hayo, na si lazima iwe ile inayotafutwa.

Kosa linaloonekana mara kwa mara tu hudanganya. Tuseme toleo bovu huonyesha kosa nusu ya mara linapojaribiwa. Likijaribiwa mara moja na kuonekana salama, uwezekano wa kudanganyika ni mkubwa. Likijaribiwa mara tano, uwezekano wa kosa kujificha mara zote ni 1 kwa 32. Kwa hiyo jaribio hurudiwa mara kadhaa kabla ya kujibu. Zipo pia zana za nje ya Git, kama BBChop, zinazotumia kanuni za uwezekano badala ya jibu la ndiyo au hapana.

Jibu moja lisilo sahihi huharibu safari yote. Akijibu "salama" mahali palipo bovu, mtafutaji hupelekwa upande usio na kosa na mwishowe humtuhumu asiyehusika. Amri ya `git bisect log` huonyesha majibu yote yaliyotolewa. Mtumiaji anaweza kuyahifadhi kwenye faili, akaondoa jibu lenye makosa, kisha akaendelea kwa `git bisect replay`.

Hutaja lipi, si kwa nini. Badiliko lililotajwa ni mahali kosa lilipoonekana kwanza. Inawezekana kabisa badiliko hilo ni sahihi, nalo limefichua tu kosa la zamani lililokuwa limelala. Kwa sababu hiyo jina la mtu linaloonekana mwishoni halipaswi kuchukuliwa kuwa hukumu.

Mabadiliko makubwa hupunguza faida. Kutambua badiliko lenye mistari mitatu ni karibu sawa na kutambua kosa lenyewe. Badiliko lenye mistari 5,000 huacha kazi nyingi mbele. Hivyo watengenezaji hushauriwa kuhifadhi mabadiliko madogo, kila moja likiwa na jambo moja, na kuhakikisha programu inawaka baada ya kila badiliko.

## Matumizi

Watunzaji wa Linux ndio watumiaji wa kwanza na wakubwa wa njia hii. Mtu aliyepata shida kwenye kompyuta yake huombwa mara nyingi kuendesha `git bisect`, kwa kuwa kosa linaweza kutokea kwenye aina moja tu ya mashine ambayo mtengenezaji hana. Kivinjari cha Firefox kina zana iitwayo mozregression, ambayo hugawa nusu matoleo yaliyokwisha kutengenezwa ili hata asiyejua msimbo aweze kushiriki. Mitambo ya majaribio kama KernelCI hufanya kazi hiyo yenyewe.

Mwongozo wa Couder wa mwaka 2009, uliomo katika nyaraka za Git, unataja kundi moja la watengenezaji ambalo muda wa wastani kati ya kupokea taarifa ya kosa na kulirekebisha ulishuka kutoka saa 142.6 hadi saa 16.2 baada ya kuhamia Git. Takwimu hizo ni za kundi moja na kipimo chake, lakini zinaonyesha ukubwa wa faida inayoweza kupatikana.

Afrika Mashariki ina programu huria ambazo msimbo wake hutunzwa kwa Git na ambazo maisha ya watu huzitegemea. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Ushahidi ulianzia Kenya mwaka 2008 kwa kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi. DHIS2 hutumiwa na Tanzania kukusanya takwimu za vituo vya afya, vikiwemo vya mkoa wa Mtwara. Katika mifumo ya aina hii kosa la kurudi nyuma linaweza kuwa dozi iliyoonyeshwa vibaya au idadi ya wagonjwa iliyopungua kwenye ripoti.

### Mahali penye intaneti hafifu

Git huweka historia yote kwenye kompyuta ya mtumiaji. Mara ikishapakuliwa, utafutaji wa kugawa nusu hauhitaji intaneti. Jambo hili lina uzito katika ukanda huu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora sana Tanzania na katika nchi jirani. Aliyekuwa na nakala kamili ya msimbo wake aliweza kuendelea.

Lakini lazima nakala iwe kamili. Wengi, ili kuokoa kifurushi, hupakua toleo la mwisho tu kwa chaguo la `--depth 1`. Nakala hiyo haina historia, na `git bisect` haiwezi kurudi nyuma ndani yake. Historia iliyobaki hupatikana kwa `git fetch --unshallow`, ambayo huhitaji mtandao. Nakala iliyopakuliwa kwa `--filter=blob:none` ina orodha ya mabadiliko yote, lakini huomba mafaili kutoka kwenye mtandao kila toleo jipya linapofunguliwa. Njia nafuu kwa shule au chuo ni mtu mmoja kupakua nakala kamili mara moja, kisha wengine kuinakili kwa kifaa cha USB.

Umeme ukikatika katikati ya utafutaji, majibu yaliyokwisha kutolewa hayapotei, kwa sababu Git huyaandika kwenye mafaili yake ndani ya kabrasha la `.git`. Kompyuta ikiwaka tena, mtafutaji huendelea pale alipoishia.

## Tazama pia

- Algoriti
- Git
- Linux
- Logi
- Mkoa wa Mtwara
- Programu huria